Kiwanda Kimepunguza Watu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafanyakazi wa Tanga

Ukurasa huu ni wa aliyepunguzwa kazi Tanga, au anayeona dalili kwamba zamu yake inakuja. Maswali ni yale yale tunayoulizwa getini, kwenye ofisi za kata na kwenye makundi ya WhatsApp. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Kama barua umeipata wiki hii, anza na swali la 4, haya mengine utayasoma baadaye.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwa nini habari za viwanda kufa zinaiandama Tanga kuliko mikoa mingine?

Kwa sababu Tanga ilijengwa juu ya viwanda na mashamba makubwa, na kimoja kikiyumba watu wengi huanguka nacho. Mkonge uliletwa na Wajerumani mwaka 1893 na ndio uliojenga reli, bandari na mitaa ya Ngamiani. Kamba za plastiki ziliposhusha bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, duniani, mashamba yalianza kugeuka vichaka, na makorona, mitambo ya kuchakata majani ya mkonge, yakanyamaza moja baada ya jingine. Baada ya Uhuru serikali iliongeza viwanda vya chuma, mbolea na saruji. Cha mbolea kilisimama mwaka 1991.

Hata vilivyobaki hubadilisha wenyewe. Kiwanda cha saruji cha Maweni ni mfano wa karibuni: kampuni mama ya Kenya, ARM Cement, iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi Agosti 2018, na mwaka 2020 kiwanda kikanunuliwa na Huaxin ya China. Mfanyakazi wa Tanga amezoea kuamka asubuhi akakuta bosi ni mwingine.

2. Serikali ina mpango gani hasa wa ajira hapa?

Hakuna mpango mmoja wenye jina moja. Kuna mambo ya aina tatu, na ukiyachanganya utapoteza muda. La kwanza ni miradi mikubwa: bomba la mafuta, bandari na ufufuaji wa mkonge (maswali ya 9 hadi 11). La pili ni mitaji midogo na mafunzo, yaani mikopo ya halmashauri, SIDO ambalo ni shirika la viwanda vidogo, na VETA ambayo ni mamlaka ya mafunzo ya ufundi (maswali ya 14 hadi 16). La tatu ni haki zilizomo kwenye sheria: notisi, kiinua mgongo, fao la NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii.

Viongozi wakija mkoani husemea zaidi hilo la kwanza. Mimi nakusihi uanze na la tatu, kwa sababu ndilo pekee lenye tarehe ya mwisho. Kazi ya bandarini inaweza kukusubiri mwaka mzima. Dai lako halisubiri.

3. Je, serikali humlipa mtu posho akikosa kazi?

Hapana, isipokuwa kama ulikuwa unachangia mfuko wa hifadhi ya jamii. Tazama swali la 7.

## Barua ikishafika

4. Nimepewa barua leo. Nianze wapi?

Andika tarehe uliyoipokea juu ya barua yenyewe, piga picha, tunza nakala. Kama unaona umeonewa, una siku 30 tangu kuachishwa za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wengi huiita CMA. Hizo ni siku za kalenda: Jumapili na sikukuu zote zimo. Kwa madai mengine, kama mshahara au likizo ambayo haikulipwa, muda ni siku 60.

Ofisi ya Tume ipo Tanga mjini. Unajaza Fomu Namba 1, unampelekea mwajiri nakala, kisha unairudisha ukiwa na uthibitisho kwamba ameipokea. Hakuna ada. Wakili si lazima, na kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi kama TUICO, TPAWU au kingine, chama kinaweza kukusimamia.

Kinachowakwamisha watu zaidi ni ile ahadi ya "njoo wiki ijayo tutayamaliza humu humu." Mtu anakwenda wiki ijayo, na ijayo yake, afisa utumishi anampokea vizuri tu, na siku 30 zinaisha. Kaa naye mezani ukitaka, lakini fungua mgogoro kwanza. Kuufungua hakuzuii mazungumzo. Ukichelewa, itabidi ujaze Fomu Namba 2 uombe kuongezewa muda na utoe sababu nzito. "Nilikuwa naahidiwa" mara nyingi haitoshi.

5. Mwajiri anaruhusiwa kupunguza watu ghafla tu?

Haruhusiwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka atoe taarifa mapema ya nia ya kupunguza, atoe maelezo yote muhimu, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, na kama hakipo ashauriane na wafanyakazi wenyewe. Yanayojadiliwa ni sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na malipo. Msipokubaliana, jambo linakwenda CMA kwa usuluhishi kabla halijatekelezwa.

Kigezo kinachotumika sana ni cha mwisho kuingia kuwa wa kwanza kutoka, ingawa mwajiri anaweza kubakiza wenye ujuzi asioweza kuendesha kiwanda bila wao. Hawezi kuchagua kwa sababu ya ujauzito, uanachama wa chama, dini au kabila.

Kikao cha dakika kumi ambacho watu wanasomewa majina na kurudishiwa vitambulisho sio mashauriano. Kama ndivyo ilivyokuwa kwenu, andikeni siku hiyo hiyo nani alisema nini, wangapi walikuwepo, na kama kuna karatasi ya mahudhurio mliyosaini. Kumbukumbu hiyo itawasaidia sana mbele ya msuluhishi.

6. Nalipwa nini na hesabu yake inapigwaje?

Kuna mshahara wa siku ulizofanya kazi, notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, kama hukupewa muda wa kuifanya), likizo ambayo hukuichukua, kiinua mgongo, na nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa kama uliletwa kutoka mbali. Unadai pia cheti cha utumishi. Hicho ni haki yako hata kama mmeachana vibaya.

Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na kiwango hicho cha chini kinahesabu miaka isiyozidi 10. Lazima uwe umetimiza miezi 12 kazini. Tuchukue mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mtu wa siku sita kwa wiki. Gawanya kwa 26 upate 15,000 kwa siku. Mara siku 7 ni 105,000 kwa mwaka. Aliyefanya miaka 6 anapata 630,000. Aliyefanya miaka 10 anapata 1,050,000, na aliyefanya miaka 17 anapata hiyo hiyo 1,050,000, labda mkataba wa hali bora ulioingiwa na chama chenu uwe unasema zaidi. Ndiyo maana nakuomba uutafute mkataba huo usome kabla ya kukubali hesabu ya mtu mwingine.

Angalizo moja: ukipewa nafasi nyingine kazini hapo au kwa mwajiri mwingine ukaikataa bila sababu ya maana, kiinua mgongo unaweza kukikosa. Nafasi ya mshahara pungufu au ya mkoa mwingine ni jambo la kujadili, usiitupe bila kujibu kwa maandishi.

7. Fao la NSSF la kukosa kazi lipoje?

Linaitwa fao la upotevu wa ajira. Hulipwa kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hakuacha kazi mwenyewe na hajapata kazi nyingine. Kiwango ni asilimia 33.3 ya mshahara kila mwezi kwa miezi 6. Yule wa 390,000 wa swali la 6 atapata kama 130,000 kwa mwezi.

Ni ndogo, inalipa chumba mtaa wa Makorora na unga, haisomeshi mtoto. Lakini ni pesa yako. Wapo wanaopoteza fao hili kwa sababu walishawishiwa kuandika barua ya "kuacha kazi kwa hiari" ili wapewe malipo haraka. Ukiandika kwamba umeacha mwenyewe, umejifungia mlango.

8. Nimekwenda NSSF nimekuta michango ina mapengo. Na kwenye hati za mshahara nilikuwa nakatwa.

Peleka hati za mshahara NSSF, waanze kumfuatilia mwajiri. Mfuko una mamlaka ya kukagua, kudai pamoja na faini, na kumpeleka mahakamani. Jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kukukata wewe zaidi ya nusu yake. Ambaye bado yuko kazini asome taarifa ya michango yake sasa hivi, asisubiri barua.

## Kazi mpya zinazotajwa

9. Bomba la mafuta litatuajiri?

Limeajiri, hasa wakati wa ujenzi. Bomba linatoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani Agosti 2017, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 2022. Wanaohitajika kwenye ujenzi ni wachomeleaji, madereva wa mitambo, mafundi umeme, wapishi, walinzi na vibarua.

Tuseme wazi: bomba likishajengwa halihitaji watu wengi. Wanaobaki ni waendeshaji na walinzi. Anayetoka kiwandani akiwa na miaka ishirini ya ajira ya kudumu hapati mbadala wake hapo. Anapata kazi ya miezi, na ujuzi wa viwango vya usalama unaomfaa akienda mradi mwingine. Ichukue kwa thamani hiyo, na hiyo si haba.

10. Na bandari?

Bandari ya Tanga ilichimbwa lango na kina cha gati kikafika mita 13, pamoja na kujengwa upya gati la mita 450. Mradi uligharimu shilingi bilioni 429.1. Zamani meli zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, yaani mashua bapa za mizigo, na kuvutwa hadi ukutani, kazi iliyokula siku nyingi. Sasa meli inafunga gatini.

Kazi zimeongezeka kwa wapakiaji, madereva wa malori, mawakala wa forodha, walinzi wa maghala, mama lishe na mafundi matairi. Nyingi ni za zamu na za kuitwa meli ikiingia. Ukitaka kuingia huko, sajili jina kwa kampuni zinazopewa kazi ya kupakia na kupakua, na uwe na leseni au cheti cha chombo unachoweza kuendesha. Mwendesha folklifti wa kiwandani asiye na cheti atazidiwa na kijana mwenye cheti, hata kama mikono yake ni mizuri mara tatu. Soma swali la 16.

11. Wanasema mkonge unarudi. Ni kweli?

Unarudi, kwa mwendo wake. Serikali iliuingiza kwenye mazao ya kimkakati na kuweka lengo la tani 120,000 ifikapo 2025, ilhali uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Bodi ya Mkonge ina makao yake hapa Tanga, na miche hutoka kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza. Korogwe wapo wakulima wadogo kwenye AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao, za Magunga, Mwelya, Hale, Magoma na Ngombezi.

Kuna njia mbili za kuingia. Ya kwanza ni kuajiriwa shambani au kwenye korona, na hapo ujira hutegemea kazi uliyoimaliza. Ya pili ni kulima mwenyewe. Ya pili ndiyo yenye matumaini kwa mwenye ardhi Muheza, Handeni, Mkinga au Kilindi, lakini mkonge unachukua kama miaka mitatu kabla ya mkato wa kwanza. Asikushawishi mtu utie kiinua mgongo chote humo. Panda eka chache, chomeka mahindi au maharage katikati ya mistari wakati mkonge ungali mdogo, na ujue mapema utapeleka majani korona ipi. Jani la mkonge likikatwa halivumilii kukaa, na mkulima asiye na korona ya karibu hana soko.

12. Baharini je?

Wizara ya Mifugo na Uvuvi imekuwa ikikopesha boti na vifaa vya kilimo cha mwani, na pwani ya Mkinga na Pangani ni sehemu nzuri. Mwani unavunwa baada ya kama wiki sita, kwa hiyo pesa inaonekana mapema kuliko ya mkonge. Wanaoumudu zaidi ni kina mama, na kazi yake hufuata maji kupwa na kujaa. Kwa vijana wanaopenda mifugo, wizara hiyo hiyo ilianzisha vituo atamizi, yaani vya kuwalea vijana wanaoanza, vya unenepeshaji ng'ombe, kimojawapo Buhuri hapa Tanga.

13. TaESA ni nini, na inalipiwa?

Ni Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, wa serikali. Unajisajili mtandaoni, bure. Inaunganisha watafuta kazi na waajiri binafsi. Kazi za serikali zenyewe hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kupitia Ajira Portal, nayo bure.

## Mitaji na vyeti

14. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri naipataje?

Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya madeni kutolipwa na vikundi hewa kugundulika, ukarejea mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Halmashauri kumi ziliteuliwa kujaribu utoaji kupitia benki, na katika mkoa wetu iliyotajwa ni Bumbuli.

Mnahitaji kikundi cha watu wasiopungua watano, katiba, cheti cha usajili, akaunti ya benki na mradi mmoja unaoeleweka. Mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake. Mtu wa kumwona ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, naye atawaongoza kujaza maombi kwenye mfumo wa TAMISEMI.

Watu waliopunguzwa pamoja wana faida wasiyoiona: wameshafanya kazi pamoja, wanajuana nani mchapakazi na nani wa maneno. Mafundi watano wa karakana moja wakiomba mashine ya kuchomelea na jenereta wana mradi unaoaminika kuliko watu waliokutana kwa ajili ya fomu.

15. Mimi ni mwanamume wa miaka 51. Ninaingia kundi gani?

Kwenye asilimia kumi, kama huna ulemavu, huingii popote. Kijana ni wa miaka 18 hadi 45, wanawake hawana ukomo huo, na wewe umebaki nje. Ajira mpya nyingi za serikali nazo zinaishia miaka 45. Hili linaniuma, kwa sababu ndiye mtu hasa anayepunguzwa kiwandani: baba wa miaka hamsini, ana watoto sekondari, na pensheni ya NSSF kwa hiari inaanza miaka 55. Viongozi wa mkoa na wabunge wetu waulizwe swali hili kila wanapokuja uwanja wa Tangamano kuhutubia.

Kilichopo kwa sasa ni SIDO, ambayo ina ofisi Tanga na mfuko wake wa mikopo, NEDF, kwa wajasiriamali wadogo bila kubagua umri, SACCOS na VICOBA unavyovijua mwenyewe, na kurasimisha ujuzi kama ilivyoelezwa swali la 16. Muhimu zaidi, kama unakaribia kutimiza miezi 180 ya michango inayotakiwa ili upate pensheni, endelea kuchangia NSSF kama mtu aliyejiajiri. Kuacha ukiwa na miezi 165 ni hasara ya maisha yote.

16. Nina ujuzi wa miaka mingi lakini sina cheti.

Upo utaratibu wa VETA wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa vitendo, unafundishwa palipo na pengo, unapewa cheti. Ofisi ya Waziri Mkuu hufadhili awamu za mafunzo hayo kupitia programu ya kukuza ujuzi, na zikitangazwa huwa bure, nafasi zikijaa upesi. Peleka jina VETA Tanga na ofisi ya kata sasa hivi, usingoje tangazo.

## Mambo yenye utata

17. Nilikuwa kibarua miaka minne, nalipwa kila Jumamosi, sina mkataba. Nina haki yoyote?

Unayo. Sheria ya Taasisi za Kazi inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, alimfanyia kazi mtu yule yule wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Jina la kibarua halikuondolei hilo. Tafuta ushahidi: picha za daftari la mahudhurio, kitambulisho cha getini, miamala ya simu ya malipo, wenzako wa zamu. Kisha rudi swali la 4.

18. Nimesaini karatasi inayosema sidai chochote.

Kama ulikuwa mwafaka wa hiari uliouelewa, kuuvunja ni kazi ngumu sana. Kama ulitishwa, au karatasi ilikuwa Kiingereza na hukusomewa, nenda CMA haraka ndani ya siku 30 ukaeleze hivyo. Ambaye hajasaini aandike "nimepokea" pamoja na tarehe, asiandike "nimekubali".

19. Kiwanda kimefilisika, mwajiri haonekani.

Mfilisi akishateuliwa, madai yanapelekwa kwake kwa maandishi, na mishahara ya wafanyakazi ni miongoni mwa madeni yenye kipaumbele. Pelekeni orodha moja ya pamoja, kila mmoja na kiasi chake na nakala za vielelezo. Fao la swali la 7 linaombwa kando, halimsubiri mfilisi.

20. Miezi minne baadaye kiwanda kinaajiri watu wapya kwenye nafasi zetu.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka waliopunguzwa wafikiriwe kwanza nafasi zinazolingana zikipatikana. Siku unapoondoka, acha namba ya simu na barua fupi ya kuomba kukumbukwa, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakiajiri wengine mara tu baada ya kuwapunguza, hiyo pia inatia shaka sababu waliyoitoa mwanzo.

21. Kuna mtu anataka shilingi 150,000 aniingize kwenye mradi. Nimpe?

Usimpe. Wakala wa ajira haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi. Hata akiwa na fulana ya mradi na jina la afisa mdomoni, mwombe risiti na barua ya leseni. Ukishatoa pesa, peleka namba ya muamala polisi na TAKUKURU, na uwaambie majirani jina alilojitambulisha nalo, maana kesho atakuwa mtaa wa pili.